Kachumbari za Umaasaini, kutoka Emali hadi Loitokitok

Nianze na jambo ambalo jamaa zangu wa Kibokoni, mtaa wetu wa Mombasa, hawatalipenda. Kachumbari tamu kuliko zote nilizokula mwaka huu sikuila Mombasa. Niliila Kimana, chini ya Mlima Kilimanjaro, nchi ya ng'ombe na vumbi, na aliyeikata ni mama wa Kikamba ambaye aliniambia bahari kaiona kwenye kalenda tu.

Mimi ni fundi wa mizani. Mizani za kuning'inia za wauza nyama, zile zenye uso kama wa saa, mizani za magunia, mizani za maziwa, na siku hizi za elektroniki, ambazo mende akiingia ndani zinasoma kilo mbili hali juu hakuna kitu. Kila baada ya miezi miwili mitatu napanda basi la Nairobi saa nne usiku, nashuka Emali alfajiri, halafu natafuta gari la kuteremka Loitokitok. Wateja wangu karibu wote wako kwenye barabara hiyo moja, kilomita 100 hivi, na kazi hunichukua siku tano au sita. Hesabu mwenyewe hiyo ni milo mingapi ya hotelini.

Sasa shida yangu. Kule ni nchi ya nyama. Hujaketi vizuri ushaulizwa, robo ama nusu? Nami nyama naipenda, Mungu ni shahidi. Lakini ni Mwislamu, na Mmaasai anayeshika mila mbuzi wake hamkati shingo, humziba pumzi mpaka afe, damu isimwagike bure. Sina ugomvi na mila ya mtu. Mbuzi ni wake na damu kwake ni chakula. Ila mimi siwezi kuila. Mahali ambapo bucha ni ya Msomali, au nimemwona kwa macho yangu aliyechinja, nala nyama mpaka nainuliwa. Mahali ambapo sijui, nala ugali na kachumbari. Miaka minane ya kutojua nani kachinja imenifanya mtaalamu wa majani.

Ndiyo maana naandika haya. Madereva na watalii wote husifu choma za barabara hii, wala sijasikia mtu akisema neno juu ya kile kinachowekwa pembeni ya ubao, karibu na kifungu cha chumvi. Na mpishi hujulikana pale pembeni. Mbuzi aliyelishwa na pori lile haharibiki kirahisi, hata mvivu atamchoma akalika. Kachumbari haina pa kujificha.

Ili mjue nahukumu kwa mizani gani: kwetu kachumbari ya pilau ina kanuni zake. Kitunguu hukatwa chembamba hata kisu kionekane upande wa pili. Hufikichwa kwa chumvi, huoshwa mara mbili, hukamuliwa. Nyanya iwe ngumu. Pilipili, dania, ndimu, basi. Marehemu nyanya yangu (bibi yangu, si tunda) alikuwa akisema mwenye kuwawekea wageni kitunguu kisichooshwa hakulelewa, alikua tu. Nimeishi na kanuni hiyo miaka arubaini na kitu.

Nianze na mbaya tuimalize. Kuna kituo kimoja cha barabara kuu, sitasema kipi wala mji gani, ambapo niliagiza kachumbari saa nane mchana. Ilikuwa imekatwa asubuhi. Ilikaa ndani ya beseni la plastiki la bluu, nusu yake maji, nyanya zimepauka kingo kama vidole vya mfuaji, na kijana akaichota kwa mkono uleule aliokuwa akikatia maini mabichi. Niliona yote hayo kwa macho yangu. Nikala, kwa sababu ya haya tu. Usiku ule choo cha gesti nilikijua kigae kwa kigae.

Tangu siku hiyo nina swali moja ninalouliza kabla sijavuta kiti: "Mwaweza kunikatia sasa hivi?" Si jibu ninalolingoja, ni uso. Anayekunja uso, naagiza chai na mandazi. Anayesema "ngoja kidogo basi" na kuanza kutafuta kisu, hapo naweka mkoba chini.

Emali ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukifika Ijumaa utakuta soko la mifugo, mji wote unanuka kondoo, na malori yamepanga mstari yakingoja kupakia. Baada ya swala ya Ijumaa, hoteli za Wasomali hujaa mpaka watu wanakula wamesimama. Nyama yao naila bila swali. Pembeni ya wali huja ndizi mbivu nzima, ambayo mgeni huidhania ni ya baadaye na kuiweka mfukoni (nimeona), kumbe huliwa na wali tonge kwa tonge. Huja na basbaas, ile pilipili yao ya kusaga, ya kijani, inayopanda mpaka puani. Saladi yenyewe ni ya haraka: kitunguu, karoti iliyoparuzwa, nyanya kidogo, dania hakuna. Lakini ndimu hukupa nzima, umekatiwa vipande vinne, hawakuhesabii. Kwa mtu wa pwani aliyekaa garini usiku kucha hilo pekee ni salamu. Sahani haitozwi bei yake, huja na wali. Siiandiki zaidi ya hapo. Ni nzuri, ni salama, hutaikumbuka mwezi ujao.

Kutoka Emali tunashuka kusini kwa Probox, watu tisa na kuku. Mkono wa kushoto ni vilima vya Chyulu. Mbele ni mlima wenyewe, ukiamka mapema, maana ikifika saa nne asubuhi huwa kishajifunika. Kati yake ni majani makavu, migunga, udongo mwekundu, na mifugo. Mara ng'ombe mia wanavuka na kijana mmoja wa miaka kumi, dereva anazima injini na kuchukua simu. Mara kondoo wekundu wa Kimaasai, wale ambao minyoo haiwaangushi ovyo kama kondoo wa kigeni. Eneo lote hili lilikuwa ranchi za jumuiya, zilizoandikishwa kwa sheria ya mwaka 1968: Mbirikani, Kuku, Olgulului, Kimana, Rombo. Ya Kimana imeshagawanywa vipande, kila mwenye haki akapewa hati yake, na ukifika huko utaona tofauti bila kuambiwa, kwa sababu ghafla kuna ua.

Na ghafla kuna kijani. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajapita. Umetoka kwenye ukame wa saa nzima, unapiga kona ya Isinet, mara mahindi, vitunguu, nyanya zimefungwa vijiti, sukuma wiki, kabichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Maji yanatoka mlimani. Mvua hunyesha kwenye msitu wa juu, huzama kwenye mawe ya volkeno, hutembea chini kwa chini na kuchomoza huku bondeni kama chemchemi. Ya Nolturesh wameyatia bomba, yaenda mbali mpaka Machakos na Athi River. Yanayobaki hugawanywa kwa mifereji, kwa zamu, na zamu ya mtu ikiibwa usiku asubuhi kuna kesi. Kuna mahali paitwa Namelok, neno la Kimaasai lenye utamu ndani yake. Waliopaita hivyo walikuwa wakifikiria malisho na maji ya ng'ombe, si nyanya, lakini nyanya zimelirithi jina.

Na hapa niwaambie watu wa Mombasa siri isiyo siri. Nyanya na vitunguu mnunuavyo soko la Kongowea, si haba vyatoka huku. Nimewaona wakivipakia. Makreti ya mbao, nyanya zimechumwa zikiwa na wekundu wa kubahatisha ili zivumilie safari, lori laondoka jioni. Yaani maisha yangu yote nimekuwa nikila nyanya ya Kimana iliyolala njiani na kubanwa na wenzake. Huko Kimana nyanya niliikuta haijalala popote.

Kibanda ninachokisifu kiko nyuma ya soko, karibu na mfereji. Mabati manne, benchi tatu, jiko la kuni. Mwenyewe sikumwomba ruhusa ya kumtaja, kwa hivyo nitamwita Mama Kisu. Kisu chake kimelika kwa kunolewa hata kimekuwa kama mwezi mwandamo, na hakuna ubao wa kukatia. Kila kitu hukatia kiganjani. Siku ya kwanza nilipouliza swali langu la kukatiwa sasa hivi, alinitazama kama niliyeuliza kama maji yake yana unyevu. Hakujibu. Alimwita kijana: "Wee, vuka ulete nne. Mbili zilizoiva, mbili bado." Kijana akaruka mfereji, akaingia kwenye nyanya za jirani, akarudi nazo zikiwa bado na joto la jua.

Mbili zilizoiva, mbili bado. Niliona ni ubahili, kumbe ndiyo ufundi wenyewe. Ndimu huko ni chache na ni ghali, hivyo yule mama hupata uchachu kwenye nyanya ambayo mabega yake bado ni kijani. Iliyoiva huleta utamu na maji, ile nyingine huleta uchachu na ugumu. Hukata zilizoiva vipande vinene, ambazo bado hukata vyembamba kabisa, kisha huchanganya. Nimekula kachumbari tangu nina meno, na hilo sikuwahi kulifikiria.

Halafu akakamata kitunguu. Chekundu, kilichong'olewa wiki hiyohiyo, shina lake bado bichi. Akakikata juu ya sufuria, vipande vikianguka kama karatasi, na kuanza kuchanganya. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, hukioshi?"

"Ustadh," akasema (huko kofia yangu imenibatiza, sina jina jingine), "kitunguu ukishakiosha, wabaki ukila nini?"

Nikamweleza kanuni ya nyumbani. Chumvi, maji, kukamua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanipa kipande nionje hivihivi. Kilikuwa kikali, sikatai, lakini ule uchungu unaokaa kooni mpaka jioni haukuwepo. Kilikuwa na maji, karibu kitamu. Nikafahamu kwamba kanuni ya nyanya yangu ilikuwa ya kitunguu kilichokauka gunia na kusafiri. Kwa kitunguu cha Kongowea bado nitakiosha mpaka kufa kwangu. Kwa hiki, kukiosha ni kumwaga ulichonunua.

Dania hutumia na mashina, akiyakata madogo sana, maana mashina ndiyo yenye harufu. Pilipili huiweka nzima pembeni, ameidunga tundu moja, mwenye kutaka aikamue mwenyewe. Na chumvi huitia mwisho kabisa, sahani ikishafika mezani, mbele yako, kwa vidole vitatu. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile beseni la bluu. Chumvi huita maji. Ukiitia asubuhi, mchana unakula mchuzi baridi. Ukiitia mezani, tonge la kwanza linakuwa kavu, linalia menoni, na tonge la mwisho ndilo lenye maji, unalifutia na ugali.

Sahani ni shilingi 50, ugali shilingi 50 nyingine. Kasoro zipo. Moshi wa kuni unakuja upande wa benchi ya kushoto, kwa hivyo wahi ya kulia. Sabuni ya kunawa ukiikuta ni bahati, mimi hubeba yangu. Jumapili yuko kanisani, usihangaike. Na Jumanne, siku ya soko, anazidiwa na wateja hata haya ninayoyasifu huyapati yote. Chumvi bado huja mwisho, lakini kisu kinakimbia na vipande vinakuwa vya kila umbo. Nenda Jumatano.

Ni kwenye benchi ile ya kulia nilipokutana na mzee mmoja, shuka nyekundu, fimbo, viatu vya tairi. Alikuwa na kikombe cha supu nyeusi ti. Alinitazama nikila, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Kijana wangu, umekula chakula cha mbuzi. Sasa mbuzi atakula nini?"

Watu wakacheka. Mimi pia. Kisha nikamuuliza, "Baba, hiyo supu yako mbona nyeusi? Rangi hiyo imetoka kwa mbuzi?"

"Hapana. Hii ni olkiloriti."

"Na olkiloriti ni nini?"

"Ni mti," akasema. "Ganda la mti."

Sikusema kitu. Alitazama ndani ya kikombe, akanitazama mimi, akakitazama tena kikombe, kisha akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Maana ni kweli: tunasema Wamaasai hawali majani, na supu yao hawainywi bila magamba na mizizi. Vijana wakienda porini kukaa kwenye kambi ya kula nyama, hubeba dawa za miti za kuchemshia, chungu ajabu, ili nyama nyingi ishuke vizuri tumboni na mwili upate nguvu. Ile ndiyo saladi yao, ila imechemshwa. Yule mzee alinyosha mkono, akachukua kipande kimoja cha nyanya kutoka sahani yangu, kile chenye bega la kijani, akakitafuna kwa macho yaliyofungwa nusu. "Kikali," akasema. Hakuchukua cha pili, lakini hakukitema.

Hoteli za watalii za upande wa Amboseli nitazipitia haraka. Moja yao huniita kurekebisha mizani za jikoni, na baada ya kazi hunipa chakula kilekile cha wageni. Saladi ya huko imepangwa kama picha: majani ya saladi, zeituni, jibini jeupe, nusu yai. Bei yake kwenye orodha ningeweza kumlipa Mama Kisu mwezi mzima wa chakula cha mchana. Lakini majani yale yametoka Nairobi ndani ya lori la barafu, yamefika yamechoka, na nyanya zilikuwa za friji, baridi mpaka jino linauma, hali nje ya ua wa umeme kuna mashamba ya nyanya ambayo ndovu huja kuyavamia usiku. Ndovu wa pale anakula nyanya bora kuliko mgeni aliyelipa dola. Mpishi mwenyewe alikiri, kwa sauti ya chini.

Loitokitok ni juu zaidi, ni baridi, vaa sweta. Siku ya soko akina mama huvuka mpaka kutoka Tarakea, upande wa Tanzania, na vikapu vya ndizi na parachichi. Kiswahili chao ni raha kukisikiliza: "Karibu kaka yangu, shikamoo, onja kwanza, kununua ni hiari." Nimeamkiwa shikamoo na mama aliyenizidi umri, nikaona haya, nikaitikia kwa kumnunulia parachichi sita. Mmoja wao huzimenya palepale, anaponda na kitunguu, chumvi na pilipili, anakupa juu ya kipande cha ndizi ya kuchemsha. Ni tamu. Ni nzito pia, ukila mbili hutafanya kazi tena siku hiyo. Mimi sikufanya.

Sasa niseme kile ambacho bado kinanisumbua, na sijaamua kama ni chakula au ni ndoto. Wakati wa kurudi huwa nasimama upande wa Mbirikani kwa kikundi cha akina mama wanaokusanya maziwa. Kila asubuhi huja na vibuyu na madumu, wanapima, wanaandika daftarini. Mizani yao springi ilikuwa imelegea, kila mmoja anapata gramu za bure na mwisho wa mwezi hesabu haikubali. Nilipomaliza ilikuwa mchana. Wakaniambia kaa, kuna chakula. Nikauliza habari ya nyama, wakajibu kwa ukweli kwamba aliyechinja si mwenzangu. Basi, wakasema, utakula kabichi.

Nilitarajia ile ya kukaanga. Ililetwa mbichi. Kabichi nyeupe iliyokatwa nyuzinyuzi, karoti, kitunguu kidogo, na juu yake yote umemwagwa mtindi mzito wenye rangi ya kijivu. Kijivu! Ndani yake mna chembe nyeusi kama pilipili manga, lakini si pilipili manga, ni makaa. Kibuyu cha Kimaasai husafishwa kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini. Wanakiingiza kikiwaka, wanasugua ndani, wanatikisa, wanapangusa, halafu ndipo maziwa huingia. Mwenye kuibuni saladi ile ni binti mmoja wao aliyesomea upishi chuoni. Alifundishwa ile ya kabichi na mayonesi ya hoteli za chipsi, akarudi kijijini, mayonesi hakuna, kibuyu cha mamake kimejaa. Mambo mengine hubuniwa hivyo tu.

Kwetu mtindi ni wa wali, au ni wa sukari. Mtindi juu ya kitunguu kibichi ni kitu ambacho mtu hukifanya akiwa na homa. Nilichukua kijiko cha adabu. Kwanza kabichi inalia, krap, kisha uchachu unakuja laini, si kama wa ndimu unaokurukia, huu unakuzunguka. Halafu moshi. Si moshi wa nyama, ni ule wa nguo iliyofukizwa udi ikakaa sandukuni mwezi, unausikia ukishameza. Nilikula sahani tatu. Binti alihesabu, akina mama wakapiga vigelegele kwa ya tatu.

Jambo moja la kuzingatia kwa wanaotaka kuijaribu. Maziwa mabichi yasiyochemshwa yana homa yake, ile ya kutupa mimba ng'ombe, na ikimshika binadamu humtesa miezi. Nilimuuliza yule binti waziwazi. Yeye huchemsha kwanza, huyapoza, ndipo anayatia kibuyuni na kijiko cha mtindi wa jana. Kwingine ulizeni kabla hamjalamba. Hawaiuzi kila siku, ni siku za mnada tu, mezani kando ya barabara, shilingi 80 pamoja na chapati. Saa saba huwa imekwisha. Mama mmoja aliniambia wanunuzi wake wakubwa ni madereva wa malori ya ng'ombe, ambao wamekula nyama wiki nzima mpaka wameichoka, na hawamwambii mtu.

Niliporudi Mombasa safari hiyo nilijaribu. Kabichi ya Kongowea, karoti, mtindi wa pakiti wa dukani. Ilikuwa kabichi yenye mtindi, basi. Watoto waliila kwa heshima ya baba yao. Safari iliyofuata nikawaomba wale akina mama waniuzie kibuyu. Walishauriana kwa lugha yao kwa muda mrefu, nikadhani nimewakosea, kisha mkubwa wao akaingia ndani akatoka na kidogo, chenye kifuniko cha ngozi na shanga mbili, akakataa pesa. Alinipa na kipande cha oloirien, akanionyesha mara mbili namna ya kukiwasha.

Nikakifukiza Kibokoni, kwenye kibaraza, Jumamosi jioni, majirani wakichungulia. Mamangu alikuwa ndani akisali. Alipomaliza alitoka taratibu, ushungi bado kichwani, akanusa kulia, akanusa kushoto, akauliza, "Nyumba ya nani imeungua?"

Nikampa kijiko. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akataka kujua kama kitunguu nimekiosha.